Matusi Mbele ya Hakimu: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Bunge la Tanzania, mwaka 2021, lilivyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Leo tunaingia mahali ambapo wafasiri wengi hupita haraka kwa sababu ya haya: vivumishi vya Kiingereza vinavyotaja maneno na matendo ya aibu.

Nawaandikia hasa vijana wanaosoma Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Wengi wao watakuwa makarani na maofisa wa mahakama, na kalamu yao ndiyo itakayoamua tusi liingie vipi kwenye kumbukumbu.

Tuanze na kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kinamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha iliyo "obscene", "abusive" au "insulting", kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita. Mazoea yetu ni kuvikusanya vivumishi hivyo vyote katika jina moja, lugha chafu. Hapo ndipo tunapokosea.

"Obscene" ni lugha inayovua mtu nguo kwa maneno, yale ambayo wazee wameyaita tangu zamani matusi ya nguoni. "Abusive" ni lugha ya kushambulia: mtu anaporomoshewa maneno makali, anaapizwa, anafokewa, hata kama hakuna kiungo cha mwili kilichotajwa. "Insulting" inalenga heshima ya mtu, na maneno yake yanaweza kuwa safi kabisa. Mzee akiambiwa sokoni Mlalo, mbele ya wakwe zake, kwamba yeye si mwanamume, halijatamkwa neno hata moja la nguoni, lakini heshima yake imevunjwa hadharani.

Tazameni pia kile kiunganishi "au". Sifa moja kati ya tatu inatosha. Karani akiandika "lugha chafu" peke yake, ameifinya sheria: mshtakiwa atajitetea kwamba hakutamka neno lolote chafu, na atakuwa amesema kweli.

"Indecent" ni jambo jingine. Ni kukosa staha, na mara nyingi huhusu tendo. Kifungu cha 176 kinamgusa anayefanya tendo la namna hiyo hadharani bila sababu halali. Uzito wake kwa kawaida ni mdogo kuliko "obscene". Lakini kifungu cha 138A, kilichoongezwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinatanguliza neno "gross". Vijana wa leo hulitumia neno hilo kwa kitu kinachotia kinyaa. Katika sheria maana yake ni ukubwa: kosa limevuka mpaka kupita kiasi. Atakayetafsiri "kinyaa" hapo atakuwa amebadili kosa.

Kwa maandishi na picha, kifungu cha 175 kinarudi kwenye "obscene" na kuongeza kipimo cha kupotosha maadili. Fikra hiyo ina mizizi Uingereza. Katika kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, Jaji Mkuu Cockburn aliuliza kama maandishi yanaelekea kuharibu nafsi za wale ambao mioyo yao iko wazi kupokea uovu. Swali lilihusu madhara kwa msomaji, hata kama mwandishi alikuwa na nia njema.

Lipo kundi jingine la vivumishi ambalo nawasihi mlitazame kwa tahadhari: "vulgar", "lewd", "rude". La kwanza linatokana na neno la Kilatini la watu wa kawaida. La pili, katika Kiingereza cha kale, lilimtaja mtu asiye kasisi, asiyesoma. La tatu linatokana na Kilatini cha kitu kisichofinyangwa. Yote yalizaliwa katika dharau ya wakubwa kwa wadogo. Sisi nasi tunalo la kwetu. Watu wa pwani waliwaita wa bara washenzi, ilhali mmisionari Krapf alipopanda Vuga, makao ya watawala wa Usambaa, mwaka 1848 alikuta dola ya Kimweri ye Nyumbai, yenye mfalme, ushuru na taratibu zake. Kwa hiyo kuandika kwamba mshtakiwa alisema "maneno ya kishenzi" au "ya kihuni" ni kumhukumu msemaji kabla ya hakimu, bila kueleza alichosema.

Basi andikeni maneno yenyewe. Kama yalisemwa kwa Kisambaa, yaingie kwa Kisambaa, kisha tafsiri yake ifuate bila kupunguzwa ukali. Tafsida ni adabu njema nyumbani, lakini katika kumbukumbu inaficha ushahidi. Andikeni pia nani alimwambia nani, wapi, na mbele ya nani. Watani hutupiana maneno makali na wakaondoka wakicheka. Maneno yaleyale kwa mgeni yanaweza kuleta ngumi, na sheria inauliza habari ya amani. Haki ya aliyetukanwa, na ya anayeshtakiwa pia, inategemea karani asiyeona haya kuandika kilichosemwa.

Sehemu ya tatu itahusu kifungu cha 129, kinachozungumzia maneno ya kuumiza hisia za dini.