Taa Imezimika, Stima Iko Wapi?

Giza linapoingia, vyumba vya kupanga vya Kithimani, Yatta, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, huwaka taa kimoja baada ya kingine. Hakuna kifaa cha stima tunachokigusa mara nyingi kama swichi, na hakuna tunachokifikiria kidogo kama hicho. Ikilegea au ikianza kukwaruza, mtu hupita dukani, akanunua nyingine, akashika bisibisi na kuifunga mwenyewe. Taa ikiwaka, kwake kazi imekwisha.

Kazi haijaisha. Taa inaweza kuwaka na kuzimika vizuri kabisa ilhali swichi imefungwa vibaya, tena kwa namna ya kuua.

Stima ya Kenya huingia nyumbani kwa volti 240, kwa nyaya mbili. Laivu ndiyo yenye msukumo; nyutro ni njia ya kurudi. Ukikata waya wowote kati ya hizo mbili, mkondo unasimama na balbu inazimika. Kwa macho huoni tofauti. Lakini ukikata laivu, holda ya balbu inabaki haina kitu. Ukikata nyutro, volti 240 zinabaki pale pale kwenye holda, zikisubiri njia ya kushuka ardhini. Mtu anayepanda stuli kubadilisha balbu, mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta wenye unyevu, ndiye anayekuwa njia hiyo. Naye alizima swichi kabla ya kupanda.

Tusidanganywe na udogo wa balbu. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia robo ampia, yaani miliampia 250. Kifaa cha kinga kinachofungwa nyumbani kulinda watu hukata stima miliampia 30 tu zikivuja, kwa kuwa mkondo unaozidi hapo, ukipita kifuani, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Balbu hiyo moja inapitisha mara nane ya kiwango hicho.

Wakati mwingine kosa hili la kukata nyutro hujitangaza lenyewe. Balbu ya LED inaendelea kumulika kidogo, kama kimulimuli, hata baada ya kuzimwa. Swichi zenye kitaa kidogo cha kuonyesha huleta hali hiyo pia, na hata waya mrefu unaopita sambamba na mwingine wenye stima. Ila kama hali imeanza baada ya swichi kubadilishwa, shuku nyutro kwanza.

Tuifungue swichi yenyewe, baada ya kuzima meni swichi. Nyuma yake kuna skrubu ndogo za shaba. Waya mmoja unaleta laivu, wa pili unaipeleka kwenye balbu. Nyutro kwa kawaida haifiki hapa, inakwenda moja kwa moja kwenye holda. Hii ndiyo sababu wengi hukosea kwa kuamini rangi. Wamesikia kwamba nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, au kwa nyaya za siku hizi, kahawia na buluu. Lakini ndani ya kisanduku cha swichi, mara nyingi waya mweusi ndio unaopeleka laivu kwenye taa. Fundi makini huuzungushia tepu nyekundu ili atakayekuja baada yake asipotee.

Kwa hiyo tunapima. Bisibisi ya testa ina kitaa cha neoni na kizuizi cha takriban ohmu milioni moja. Volti 240 zikipita hapo hutoa mkondo usiofika hata robo ya miliampia. Unapita kidoleni mwako bila wewe kuuhisi, na kitaa kinawaka. Lakini testa iliyoharibika nayo haiwaki. Ijaribu kwanza penye stima, ndipo upime unapotaka kugusa, kisha uijaribu tena.

Ule mlio wa 'tak' wa swichi nao una historia. Nyaya zikiachana polepole, umeme huruka katika mwanya na kuchoma shaba. Mwaka 1884, John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alibuni swichi inayoachanisha shaba kwa ghafla, kidole kikienda taratibu au haraka. Stima yetu ya gridi inasaidia pia: mkondo wake hushuka hadi sufuri mara 100 kila sekunde, na cheche inapata nafasi ya kufa. Umeme wa sola hauna sufuri hiyo. Wakulima wa Yatta wenye pampu za sola wasitumie kamwe swichi ya taa kuikata paneli yenye volti nyingi. Cheche inaweza kung'ang'ania mpaka plastiki iyeyuke.

Skrubu iliyolegea nayo ni jiko. Joto huongezeka kwa mraba wa mkondo. Kiungo chenye nusu ohmu tu, kikipitisha ampia 10, hutoa wati 50 mahali padogo kama punje ya hindi. Kwa balbu ya LED hutaona kitu. Kwa shawa ya umeme utaona plastiki imegeuka kahawia na kunusa harufu ya kuungua. Fundi akishakaza, auvute waya kidogo: usitoke, na shaba tupu isionekane nje ya skrubu.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni, na inayotoa leseni hizo ni EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Mwombe akuonyeshe. Akimaliza, usiridhike na taa kuwaka. Mwambie azime swichi hiyo mpya, atoe balbu, apime ndani ya holda mbele yako. Testa ikiwaka, nyaya zirudiwe siku hiyo hiyo, kabla mtu yeyote wa nyumba hiyo hajapanda stuli.