Kisukari cha Ujauzito: Kipimo Kinachomlinda Mama na Mtoto Mchanga

Mama mjamzito aweza kuwa na kisukari asihisi lolote. Kiu na uchovu alionao huhesabiwa kuwa ni mambo ya kawaida ya mimba. Ndiyo maana maradhi haya hutafutwa, hayangojwi yajitokeze.

Njia za kuyatafuta hazilingani. Ya kwanza ni maswali: je, mama ni mnene kupita kiasi? Ana mzazi mwenye kisukari? Amewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4? Maswali yana faida, lakini wapo wagonjwa wasio na hata moja kati ya hayo. Ya pili ni kupima mkojo, nayo hukosea: sukari yaweza kuonekana kwa mwenye afya na isionekane kwa mgonjwa. Ya tatu, iliyo ya kutegemewa, ni damu. Mama hupimwa asubuhi kabla ya kula, hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Wakati wake ni kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Kipimo hicho kina uzito wake. Katika kaunti ya Homa Bay, mama wa kisiwa cha Mfangano huvuka Ziwa Viktoria kwa boti hadi Mbita ndipo apate gari. Wa Muhuru Bay naye ana safari ndefu hadi mji wa Migori. Kumtaka afike na njaa, angoje saa mbili, kisha arudi, si jambo dogo. Ndugu zetu wa Pate na Kizingitini wanaijua safari ya namna hiyo.

Lakini asipopimwa, anayeumia ni mtoto. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, na mtoto hutengeneza insulini nyingi ili kuikabili. Hunenepa, na uzazi huwa mgumu. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukoma ilhali insulini ingalimo mwilini. Sukari ya mtoto hushuka ghafla: hutetemeka, hulegea, hushindwa kunyonya, na asipohudumiwa ubongo waweza kudhurika. Basi anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apimwe sukari.

Enyi waume na mama wakwe, msimwache mjamzito aende peke yake. Mfuateni kliniki, mchukulieni chakula cha baada ya kipimo. Akigunduliwa, wengi hutosheka na mpango wa chakula na kutembea. Wengine huhitaji dawa. Ramadhani ikiingia, asifunge kabla ya kushauriana na daktari, kwani sheria imempa ruhusa. Na wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua apimwe tena, kwa kuwa kisukari kilichoondoka chaweza kurejea miaka ya mbele.