Internalini A
Internalini A ni protini iliyo juu ya ukuta wa bakteria ya Listeria monocytogenes. Kwa protini hiyo bakteria hujishika kwenye kaderini-E, ambayo kazi yake ya kawaida ni kushikamanisha seli za utumbo. Seli ikishikwa hivyo, yenyewe humeza bakteria.

Kaderini-E ya binadamu ina asidi amino iitwayo prolini katika nafasi ya 16. Ya panya ina asidi glutamiki mahali hapo, na tofauti hiyo moja tu inatosha kuizuia internalini A. Kwa hiyo panya, ingawa ndiye mnyama wa kawaida wa maabara, haambukizwi kwa urahisi kupitia chakula. Binadamu huambukizwa hasa kwa njia hiyo, kwa mfano akila jibini ya maziwa yasiyochemshwa. Kwa mjamzito, bakteria huweza kuvuka kondo la nyuma na kumuua mtoto tumboni.