Viumbe na Majira ya Baridi (2): Kindi Anayeamka Ili Alale

Wiki iliyopita tuliwafuata mbayuwayu na korongo wanaoikimbia baridi ya Ulaya na kuja huku Afrika. Leo tuwatazame wasio na mabawa.

Kindi wa ardhini wa Alaska hawezi kuhama, na chakula chake hufunikwa na theluji miezi saba au minane. Hunenepa, huchimba shimo lisilo refu kwa kuwa udongo wa chini zaidi umeganda daima, hutandika nyasi, hujikunja, kisha huuachia mwili upoe. Moyo hubaki kupiga mara chache tu kwa dakika. Mwaka 1989 mtafiti Brian Barnes wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks alichapisha vipimo vya ajabu: joto la ndani ya kindi hao lilishuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu haikuganda.

Sisi husema mnyama huyu amelala. Sivyo. Kila baada ya wiki mbili tatu huanza kutetemeka, huchoma mafuta ya kahawia yaliyo mabegani, na katika saa chache mwili hurudi kwenye joto lake la kawaida. Hukaa hivyo kwa muda usiotimia siku moja, kisha hupoa tena. Vipindi hivyo vifupi ndivyo vinavyomaliza sehemu kubwa ya akiba yake, basi kwa nini asiviache? Waliopima umeme wa ubongo wake walikuta kwamba akishapata joto, muda mwingi anautumia kulala. Maelezo mojawapo ni kwamba ubongo uliopoa kiasi kile hauwezi kulala usingizi wa kweli, na deni la usingizi lazima lilipwe.

Chura wa misitu ya huko huko ana mbinu tofauti kabisa: anakubali kuganda. Hujificha chini ya majani makavu, na barafu ikigusa ngozi yake, ini humwaga sukari kwenye damu kwa kiwango ambacho kingemuua binadamu. Sukari hiyo huzilinda seli, barafu ikakaa nje ya seli hizo. Theluthi mbili hivi ya maji ya mwili hugeuka barafu, pumzi hukatika, moyo husimama. Hali ya hewa ikipata joto, huyeyuka na kurukaruka.

Dubu, anayetajwa kwanza kila mara wanyama wanaolala majira ya baridi wanapozungumziwa, hapoi sana. Jike huzaa na kunyonyesha humo humo pangoni.

Miti nayo ina ukaidi wake. Baridi ikianza kuingia, mtofaa huvuta virutubisho kutoka majanini, huyaangusha majani, na machipukizi hujifunga. Hata likitokea joto la ghafla katikati ya Desemba, hayafunguki mpaka yatimize saa za kutosha za baridi. Ndiyo maana mtofaa wa Ulaya ukipandwa penye joto mwaka mzima huchipua ovyo ovyo na kuzaa kidogo. Ziko aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli. Na huko Batu, kisiwani Java, wakulima huyapukutisha majani kwa mikono baada ya mavuno, mti ukachanua upya bila kujifunga, wakavuna mara mbili kwa mwaka.