Dawa ya utotoni, hofu ya ukubwani

Ninyi mnaotusoma kule Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma mnamjua kijana wa namna hii kama sisi tunavyomjua: anaogopa watu, hali mbele ya wageni, jambo dogo likimpata anakata tamaa na kunyamaza siku nyingi. Anapoletwa kwenye maombi, swali la kwanza ni nani amemroga, la pili ni amefanya dhambi gani. Ni mara chache mtu kuuliza ubongo wake ulijengwa katika hali gani.

Mwaka 2004 Mark Ansorge, Jay Gingrich na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza katika jarida la Science jambo waliloliona kwa panya. Waliwapa panya wachanga dawa iitwayo fluoksetini, tangu siku ya nne hadi ya 21 baada ya kuzaliwa. Wengine hawakupewa. Kisha dawa ikakomeshwa, wakaachwa wakue. Walipokuwa wakubwa, wale waliopewa dawa walitembea kidogo mahali wasipopajua. Walikawia kugusa chakula hata wakiwa na njaa. Umeme mdogo ulipowagusa miguuni, walichelewa kukimbia ingawa njia ilikuwa wazi. Kwa wachunguzi hizo ni dalili za hofu na za huzuni iliyokata tamaa.

La kushangaza, fluoksetini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Prozac, ni dawa ya kutibu huzuni hiyo hiyo! Inazuia seli zisirudishe haraka serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Kwa mtu mzima hiyo inaweza kusaidia. Lakini katika ubongo mchanga serotonini ina kazi nyingine pia: inaongoza seli zikue kuelekea wapi na ziungane na zipi. Aliyewahi kufyatua matofali atatuelewa. Mvua ikinyesha juu ya tofali lililochomwa, maji yanakauka tu. Ikinyesha juu ya tofali bichi inaacha shimo, na tanuru halitaliondoa.

Siku hizo za panya zinakaribiana, kwa binadamu, na miezi ya mwisho ya mimba na utoto wa mapema. Hata hivyo panya si mtu. Uchunguzi juu ya watoto ambao mama zao walitumia dawa za namna hiyo haujatoa jibu moja, na huzuni kubwa ya mama isiyotibiwa nayo inamdhuru mtoto. Kwa hiyo tunasema kwa nguvu: mchungaji asimwambie mama mwenye mimba atupe vidonge vyake. Hiyo ni kazi ya daktari. Mahubiri ya "tupa dawa, amini" yanavuta watu, lakini yanaweza kuua mama na mtoto pamoja.

Pombe haina mjadala huo. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith walieleza huko Seattle, Marekani, jinsi inavyoharibu mtoto tumboni. Kwetu pombe maana yake ni lutuku, ile ya mahindi na mihogo, ambayo hakuna anayejua nguvu ya kila chupa. Wamama wanaoipika huionja kila siku, hata wakiwa na mimba, na ndiyo inayolipa shule ya watoto. Kuwakemea kutoka mimbarani hakutoshi. Tena kuna vidonge vya usingizi vinavyouzwa kimoja kimoja: mtoto mchanga asipewe kamwe ili anyamaze.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na inamwadhibu anayefanya hivyo. Bado kuna vyumba vya maombi ambamo mtoto mwenye hofu ananyimwa chakula na kupigwa mpaka akiri. Akiri nini, ikiwa shida yake huenda ilianza kabla hajajua kusema?

Mashemasi wanaompokea kijana kama huyo wamwombee, tena wampeleke kituo cha afya pamoja na mama yake. Huko muuguzi amuulize mama faraghani, bila kumlaumu, juu ya mimba ile: alikunywa nini, alimeza nini, aliugua nini.