Kutoka Tarakimu hadi Maneno: Kiingereza, Kiswahili na Programu ya Tarakilishi

Katika hundi, kiasi cha fedha huandikwa kwa tarakimu na pia kwa maneno, ili uandishi mmoja uulinde mwingine. Makala haya yananuia kueleza jinsi programu sahili ya tarakilishi inavyoifanya kazi hiyo kwa Kiingereza, na kwa nini haiwezi kuhamishiwa Kiswahili kwa kubadilisha msamiati pekee.

Programu ya Kiingereza huhitaji orodha mbili: majina ya namba 0 hadi 19, ambayo ni maneno 20, na majina ya makumi, 20 hadi 90, ambayo ni maneno 8. Tarakimu hukatwa mafungu ya tatu tatu kuanzia kulia. Kila fungu husomwa kwa kanuni ile ile, kisha hufuatwa na jina la daraja lake. Tukigawanya 25,000 kwa 1,000, mgawo ni 25 na baki ni 0. Programu huandika *twenty-five*, kisha *thousand*. Namba 20,005 huwa *twenty thousand and five*. Utata haupo, kwa kuwa kizidisho hutangulia daraja.

Kiswahili kina orodha fupi zaidi. Namba 11 hadi 19 huundwa kwa kiunganishi *na*. Kwa hiyo maneno 10 ya 0 hadi 9, pamoja na makumi 9, yanatosha. Ugumu umo katika mpangilio. Neno *elfu* kwa kawaida hutangulia kizidisho, hivyo *elfu ishirini na tano* yaweza kuwa 25,000 au 20,005. Katika hundi, tofauti hiyo ni shilingi 4,995.

Twapendekeza kanuni hii: kizidisho chenye *na* kitangulie daraja. Basi 25,000 iwe *ishirini na tano elfu*, na *elfu ishirini na tano* ibakie 20,005. Mpangilio huo si mgeni kwa wasemaji.

Suala la pili ni upatanisho wa kisarufi. Mashina *-moja, -wili, -tatu, -nne, -tano* na *-nane* hufuata ngeli. *Sita, saba, tisa* na *kumi* hayabadiliki. Twasema *watu ishirini na wawili*, lakini *vitabu ishirini na viwili*. *Shilingi* haileti taabu, maana huchukua maumbo yale yale ya kuhesabia. Kwa nomino nyingine, sharti programu ielezwe ngeli kwanza.

Ni dhahiri, basi, kwamba kazi hii haimhusu mtaalamu wa tarakilishi peke yake. Hapana budi mwanaisimu aamue kanuni kabla mashine haijaamriwa kuandika.