Kijana Anapokwenda kwa Fundi Umeme: Amana ya Mzazi, Mwajiri na Msikiti

Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Waislamu hapa Mwanza hupokea habari mbili kwa pamoja: kwamba kijana amemaliza shule, na kwamba alama zake hazikutosha kumpeleka kidato cha tano. Tangu siku hiyo husikika kauli ile ile barazani, na hata msikitini baada ya swala: "Basi, aende ufundi." Kauli hiyo hutamkwa kwa unyonge, kana kwamba ufundi ni jaa la kutupia walioshindwa. Katika makala haya tunautazama ufundi mmoja tu, ule wa umeme wa viwandani, na kueleza mambo ambayo familia yafaa kuyajua kabla kijana hajavaa ovaroli na kuingia karakana.

Unyonge huo hauna mizizi katika dini yetu. Qur'ani inatusimulia kuwa Nabii Daud (amani iwe juu yake) alilainishiwa chuma na akafundishwa kutengeneza mavazi ya kujikinga vitani. Nabii Nuh (amani iwe juu yake) aliunda jahazi kwa uangalizi wa Mola wake. Katika hadithi tunaelezwa kuwa Nabii Zakaria (amani iwe juu yake) alikuwa seremala. Naye Mtume wetu (rehema na amani ziwe juu yake) amefundisha kwamba hakuna chakula bora zaidi kuliko kile mtu anachokula kutokana na kazi ya mikono yake. Ikiwa Mitume waliheshimu nyundo na msumeno, sisi ni nani hata tuone haya kwa bisibisi na tesita?

Mwanza yenyewe inaita mafundi. Viwanda vya minofu ya sangara haviwezi kupumzisha mashine za baridi hata usiku mmoja, kwani samaki huharibika. Viwanda vya kuchambua pamba, karakana za meli, pampu zinazosukuma maji kutoka ziwani hadi vilimani, vyote vinazungushwa na mota za umeme. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, imesanifiwa kwa treni za umeme. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kijana wa Sengerema anaweza kuja mjini kujifunza kazi bila kusubiri kivuko.

Ni vema kutofautisha fundi wa majumbani na fundi wa viwandani. Wa kwanza hushughulika zaidi na umeme wa njia moja, wa volti 230, unaowasha taa na pasi. Wa pili huishi na umeme wa njia tatu, wenye volti zipatazo 400, unaozungusha mitambo. Hana budi kujua kwa nini mota kubwa, inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo mara tano hadi saba zaidi ya ule wa kawaida, na kwa nini huwekewa stata ya kuipunguzia kishindo hicho. Hujifunza kusoma michoro, kufunga kontakta, kupima kama waya umechoka ngozi yake, na kutafuta hitilafu kwa akili kabla ya mikono. Hesabu na fizikia zinamngoja huko huko karakana. Mzazi anayedhani ufundi ni mahali pa kukimbilia hesabu atamwingiza mwanawe katika mshangao.

Njia za kuingia katika kazi hii ni kadhaa. Iko ya chuo, mfano chuo cha VETA kilichopo Nyakato, ambapo mwanafunzi hupanda ngazi kwa ngazi, hatua ya kwanza hadi ya tatu, na hupelekwa viwandani kwa mafunzo ya vitendo. Iko ya uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya darasa na sehemu ya kazi chini ya fundi mzoefu. Na iko ya wale waliojifunza kwa kuona mtaani: hao nao VETA huwapima na kuwapa cheti kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Baada ya hapo inabaki leseni. Atakayefunga mifumo ya umeme kwa watu anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja. Mwenye daraja la chini haruhusiwi kugusa kila kazi. Anayeruka hatua hizi ndiye watu humwita kishoka, naye huacha nyuma yake nyumba zinazongoja kuungua.

Sasa tuliseme jambo linalotuumiza zaidi. Yupo kijana wa mtaa wetu aliyekaa na fundi mmoja kwa miaka miwili. Alibeba ngazi, akachimba mitaro ya nyaya, akafagia, na hatimaye akaanza kufunga mwenyewe. Fundi yule alipohamia mkoa mwingine, kijana alibaki hana karatasi hata moja inayosema alikuwa nani na alijifunza nini. Hakukuwa na mkataba, kwa sababu baba yake na fundi walikuwa wakiswali safu moja na waliona aibu kuandikiana. Aibu hiyo imemgharimu kijana miaka miwili ya umri wake.

Ndugu zetu, kuandikiana si kutoaminiana. Katika Sura ya Al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (amani iwe juu yake) alipofika Madyan. Mzee mwenye mifugo alimtajia muda wa kazi waziwazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Musa akakubali, na Allah akawekwa kuwa shahidi. Watu wema wawili walibainisha muda, malipo na hiari. Katika Sura ya Al-Baqara tumeamrishwa tuandike deni la muda maalumu. Vipi basi tusiandike miaka ya ujana, ambayo hailipiki ikipotea?

Mkataba wa mwanagenzi uwe na mambo haya: muda wa mafunzo, stadi atakazofundishwa kila kipindi, jina la fundi atakayemsimamia, posho, nauli na chakula, saa za kazi, nani atanunua vifaa vya kujikinga, na cheti au barua atakayopewa mwisho. Mzazi aulize pia iwapo mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kama kijana atahesabiwa humo akiumia. Aangalie na umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 18 katika kiwanda au eneo lolote lenye mazingira ya hatari. Kijana wa miaka 15 na aende chuoni kwanza, mota hazitakimbia.

Hatari ya kazi hii haionekani kwa macho wala haina harufu. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinachokusudiwa kulinda maisha, huwekwa kikate kwenye miliampia 30. Balbu ya wati 60 huvuta zaidi ya miliampia 250. Maana yake ni kwamba umeme mdogo sana kuliko ule wa balbu moja unatosha kusimamisha moyo wa mwanadamu. Katika viwanda vya samaki, ambako sakafu haikauki, hatari huongezeka. Kwa hiyo kijana afundishwe tangu siku ya kwanza: zima, funga swichi kwa kufuli na ubaki na ufunguo wako, jaribu tesita mahali penye umeme ili ujue ni nzima, pima unapotaka kushika, kisha ijaribu tesita tena. Pete, saa na mkufu vibaki nyumbani. Nguo ziwe za pamba, maana nailoni huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Binti anayejifunza kazi hii, nao wapo na wanaiweza, avae hijabu fupi ya pamba iliyobana vizuri chini ya kofia ngumu. Stara yake na usalama wake havigombani. Na mwanagenzi yeyote ana haki ya kusema, "Sitagusa mpaka nipime." Fundi anayemcheka kwa neno hilo hafai kuwa mwalimu.

Ibada nayo ipangwe mapema. Kijana amweleze msimamizi wake, kwa adabu, habari ya Adhuhuri na Ijumaa kabla ya zamu kupangwa, asingoje kutoroka. Katika Ramadhani asiache daku, na asikubali kazi ya juu ya ngazi akiwa peke yake.

Upo mtihani mwingine wa uaminifu. Haitapita miezi mingi kabla mtu hajamnong'oneza ampitishie waya kando ya mita ya LUKU kwa ujira mzuri. Huo ni wizi, hata kama mwenye nyumba anaswali. Binti wa yule mzee wa Madyan alimsifu Musa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Fundi akikosa la pili, la kwanza humgeuza kuwa hatari kwa mji mzima.

Mwisho, tuutazame msikiti. Koleo, tesita, mita ya kupimia, viatu vya usalama na ada ya chuo vimewarudisha nyumbani vijana wengi mafukara. Imam an-Nawawi, katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, ameeleza kwamba fukara mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kumnunulia zana za kazi yake. Anayepewa unga hurudi mwezi ujao kuomba unga. Anayepewa zana huenda mwakani akawa yeye ndiye mtoa zaka. Tunapendekeza kila kamati ya msikiti, kuanzia Igoma hadi Nansio, iorodheshe mafundi Waislamu wenye leseni, iwaombe wapokee angalau kijana mmoja mmoja, ishuhudie mikataba, na itenge fungu la zana kwa wanaostahiki. Nyaraka zikae ofisini kwa katibu, ili asipatikane tena kijana wa kupoteza miaka miwili bila ushahidi.

Tunamuomba Allah awajaalie vijana wetu rizki ya halali, awalinde na ajali, na atujaalie sisi wazee kuwa walinzi wema wa amana hii. Wabillahi tawfiq.